Jeki Hunyanyua, Haishikilii

  Msikilizaji wangu, kama uko jikoni, endelea kukoroga chungu chako, sauti itakufikia hapo hapo. Kama uko gereji unafunga kazi, kaa juu ya tairi upumzike. Na wewe dereva uliye safarini, sikiliza huku macho yakiwa barabarani, maana mazungumzo ya leo yanakuhusu kuliko wote.

Nianze na usemi mmoja tulioukariri sana. Mtu akiumia, akifa, utasikia pale msibani wanasema, "Ajali haina kinga." Tunatikisa vichwa, tunaitikia, tunarudi nyumbani. Sina ugomvi na usemi huo, umewafariji wengi. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya ajali moja ambayo kinga yake inajulikana, na mara nyingi imelala hatua tatu tu kutoka pale mtu alipoumia. Kinga hiyo ni jiwe, kipande cha ubao na stendi ya chuma. Nazungumzia gari kuanguka kutoka juu ya jeki huku mtu yuko chini yake.

Ngoja nikusimulie. Nikiwa kijana, kabla sijaizoea maikrofoni hii, nilijifunza ufundi kwenye gereji ya chini ya mwembe. Siku moja tuliitwa kwenda kulitengeneza pikapu lililokwama kando ya barabara ya vumbi huko mkoa wa Pwani. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika. Mimi, kwa kutaka sifa, nikatoa jeki ya chupa, nikaisimamisha mchangani, nikapiga mpini mpaka gurudumu likaning'inia. Nikaanza kujilaza ili niingie chini.

Fundi wangu, mzee wa maneno machache, akaniuliza, "Kijana, chini umeweka nini?"

Nikamjibu, "Nimeweka jeki, mzee."

Akasema, "Sikukuuliza umenyanyulia nini. Nakuuliza umeweka nini."

Sikumwelewa. Yeye akalivingirisha tairi la spea, akalisukuma likalala chini ya chasisi, akaenda kutafuta magogo. Mimi nikaona kama ananiaibisha mbele ya mwenye gari. Basi, wakati bado nimechutama, mkono mmoja uko kwenye boliti ya springi, likapita lori kubwa kwa kasi. Upepo wake ukalitikisa pikapu. Jeki ikainama upande, taratibu tu, kama mlevi anayetafuta ukuta. Kisha chuma kikagonga tairi la spea, puu! Pikapu likakaa hapo hapo. Mkono wangu ulikuwa na nafasi ya kutoka, nikautoa.

Mzee hakunifokea. Alirudi na gogo begani, akatazama, akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Kazi ya jeki iliisha pale ulipoacha kupiga mpini. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya mwingine."

Msikilizaji, hilo ndilo neno la leo. Jeki hunyanyua, haishikilii. Nitalirudia mara nyingi, univumilie.

Kwa nini haishikilii? Hebu tuifungue jeki kidogo tuone kilichomo ndani.

Chukua mabomba mawili ya sindano, moja dogo na moja kubwa. Yaunganishe kwa mpira mwembamba, uyajaze maji. Ukilisukuma lile dogo kwa kidole, lile kubwa litasukuma nje kwa nguvu kuliko ya kidole chako, ila litasogea kidogo tu. Vijana wa sekondari wanaijua kanuni hiyo. Ni ya Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi katika karne ya 17. Kimiminika kilichofungiwa ukikikandamiza mahali pamoja, mkandamizo huo husambaa kote sawasawa. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah aliitumia kanuni hiyo kupata hataza ya mashine ya kukandamizia. Mwaka 1851 fundi mmoja wa New York, Richard Dudgeon, akaiweka katika chombo cha kubebeka. Hao ndio mababu wa jeki ya mafuta, kama ile ya chupa.

Basi jeki hiyo ni yale mabomba mawili. Unapopiga mpini, bomba dogo linasukuma mafuta kwenda kwenye bomba kubwa, nalo linapanda kidogo kidogo na kulibeba gari. Sasa jiulize, ukiacha kupiga mpini, mafuta yale yanazuiwa na nini yasirudi yalikotoka? Yanazuiwa na gololi ndogo iliyokaa kwenye tundu lake, na mpira mdogo wa duara tunaouita sili. Gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja, upande mmoja umetulia juu ya gololi na mpira. Chembe moja ya uchafu ikikaa kati ya gololi na tundu lake, mafuta yanapita. Mpira ukizeeka ukapasuka, mafuta yanapita. Na yakipita, gari linashuka. Linaweza kushuka polepole hata usione, au likashuka kwa mara moja.

Hilo ni la ndani. La nje ni kwamba jeki yenyewe ni nyembamba na imesimama kwa mguu mmoja. Mzigo ukisogea kidogo upande, jeki inalala, hata ikiwa mpya, hata ikiwa ya bei kubwa. Ndiyo maana nasema jeki hunyanyua, haishikilii.

Haya, tuje kwenye vitendo. Nitayagawa mambo yangu katika mafungu matatu ili uyakumbuke. Kuna ya kabla ya kunyanyua, ya wakati wa kunyanyua, na ya baada ya kunyanyua.

Kabla ya kunyanyua, tazama umesimama wapi. Je, ni mlima? Je, ni kona? Umepata pancha kwenye mlima wa Kitonga, kule Iringa, roho inakudunda, unataka kumaliza uondoke. Tafadhali usinyanyue gari mlimani. Tembea polepole na hilo tairi bovu mpaka upate pa tambarare na nje ya barabara. Utaniambia tairi litachanika. Lichanike! Tairi linauzwa dukani.

Ukishasimama, washa taa za dharura, weka pembetatu zako mbele na nyuma kwa umbali wa kutosha. Kisha washushe watu wote. Hapa naomba nisisitize, hasa kwa ndugu zangu wa mabasi na daladala. Mara ngapi tumeona basi liko juu ya jeki, na abiria wamo ndani, mmoja anapita kuchungulia dirisha la huku, mwingine anavuta mzigo? Kila hatua yao ni mtikisiko juu ya ile gololi. Abiria washuke, wakae kivulini, mbali na gari na mbali na barabara. Na watoto washikwe mkono, maana mtoto akiona jeki huona mchezo.

Sasa magurudumu. Wengi tunavuta breki ya mkono, tunaweka gia, tunaona tumemaliza. Hatujamaliza. Katika magari mengi madogo, breki ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma tu. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, breki imebaki na moja la kukamata. Na gia je? Sikiliza jambo hili, maana hata mafundi wengine hulisahau. Ile difu inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili imetengenezwa ili kila gurudumu liweze kuzunguka kwa mwendo wake. Bila hivyo gari lingekwaruza tairi kila kona. Basi ukilinyanyua gurudumu moja kati ya yale yanayovuta gari, lile lililo hewani linaweza kuzunguka kinyume, na mwenzake aliye ardhini akapata ruhusa ya kusogea. Gia imo, na gari linatembea!

Kwa hiyo vuta breki, weka gia, halafu tafuta kabari. Jiwe lenye ubapa au kipande cha ubao kilichokatwa mshazari vinatosha. Ukinyanyua nyuma, funga kabari magurudumu ya mbele. Ukinyanyua mbele, funga ya nyuma. Weka pande zote mbili za tairi, mbele yake na nyuma yake. Jiwe la mviringo usilitumie, maana nalo litavingirika pamoja na gari.

Kisha legeza nati za tairi wakati gari bado liko chini. Legeza tu, usizitoe. Nati iliyoganda hutaka nguvu, watu hupanda juu ya spana na kuruka. Ukifanya hivyo gari likiwa hewani, unalisukuma wewe mwenyewe litoke kwenye jeki.

Hayo ndiyo ya kabla. Tambarare, watu chini, kabari, nati. Hebu yarudie huko uliko. Tambarare, watu chini, kabari, nati.

Tuje wakati wa kunyanyua. Kwanza, jeki ina uwezo wake, na umeandikwa ubavuni. Tani 2, tani 3, tani 10, tani 20. Jeki ya gari dogo usiipeleke kwenye lori eti kwa sababu "imeinua jana". Na gari lenye shehena lipunguziwe mzigo kwanza kama inawezekana.

Pili, jeki inakaa juu ya nini? Mchanga unazama. Udongo wa mvua unazama. Hata lami ikipata jua kali la mchana hulainika. Weka ubao mgumu na mpana chini ya jeki, ili uzito usambae. Jeki ya chupa isimame wima kabisa, maana ikiinama mzigo unaisukuma pembeni. Ile jeki ndefu ya magurudumu, inayotumika gereji, ni nzuri kwenye sakafu ya saruji. Inaponyanyua, mkono wake huchora upinde. Kwa hiyo jeki inapaswa kusogea kidogo ili ikae chini ya mzigo wake. Ukiiweka kwenye mchanga, vigurudumu vinazama, haisogei, na kile kikombe cha juu kinateleza kidogo kidogo mpaka ukingoni. Jeki ya magurudumu mahali pake ni sakafuni.

Tatu, jeki iguse wapi? Gari dogo lina sehemu zake maalumu chini ya ukingo wa bodi, karibu na magurudumu, na kitabu cha gari kinazionyesha. Gari lenye chasisi, weka chini ya chasisi. Lori, weka chini ya ekseli. Usiweke kwenye sampo ya mafuta, usiweke kwenye gia boksi, wala kwenye bati jembamba linalobonyea. Jeki nyingi za chupa zina skrubu juu ya kichwa. Ifungue kwa mkono mpaka iguse gari, ndipo uanze kupiga mpini. Wengi hawaijui kazi yake. Ukiitumia, utapiga mpini mara chache na bomba halitalazimika kutoka lote.

Nyanyua kidogo, simama, tazama. Jeki iko wima? Ubao haujapasuka? Gari halijasogea? Ndipo uendelee. Nyanyua kiasi cha kukuwezesha kazi, basi. Kila sentimita ya ziada ni umbali wa ziada wa kuanguka. Na muda wote huo, msikilizaji, mwili wako ukae nje. Mkono, mguu, kichwa, vyote nje.

Haya. Gari limepanda. Kazi ya jeki imeisha. Zamu ya nani sasa? Zamu ya kile kinachoshikilia.

Kama unabadilisha tairi tu, fanya alivyofanya mzee wangu. Laza tairi la spea chini ya gari, karibu na jeki. Ukilitoa lile bovu, badilishana, bovu lilale chini na spea livae. Hiyo ni kinga ya dharura, nayo haikugharimu kitu. Lakini haimaanishi sasa uingie chini ya gari. Mtu anayebadilisha tairi hana sababu ya kuingia chini.

Kama kazi yako ni ya kuingia chini, kufungua difu, kubadilisha springi, kumwaga mafuta ya gia, basi weka stendi za chuma. Ziwe zinazoweza kubeba uzito huo, ziwe mbili, moja kila upande, juu ya ardhi ngumu, chini ya chasisi au ekseli. Shusha gari taratibu mpaka uzito ukae juu ya stendi. Kisha lisukume kwa mkono ukiwa nje. Likitikisika, bora lianguke sasa wakati hakuna mtu chini yake.

Najua utauliza, "Je, matofali?" Nimeyaona matofali ya saruji kila mtaa. Msikilizaji wangu, tofali la saruji halikupi taarifa. Ubao ukilemewa hulia kwanza, unausikia ukialika. Tofali linapasuka kwa mara moja na kuwa vumbi, hasa lile lenye matundu. Kama huna stendi, tafuta vipande vinene vya mbao ngumu, uvipange kwa kukingamanisha, safu hii inaelekea huku, inayofuata inaelekea kule, mpaka ufike juu. Lakini tofali, hapana.

Kuna atakayesema, "Wewe mtangazaji, stendi ni hela." Kweli, ni hela. Mwenye gereji ananisikiliza, namheshimu, najua kodi inamsumbua na wateja wanakopa. Lakini nimuulize, kaka, nani analala chini ya magari hapo kwako? Mara nyingi ni yule mdogo kuliko wote, kijana aliyeletwa na mama yake ajifunze kazi. Hana sauti ya kukwambia stendi zimekwisha. Akiambiwa ingia, anaingia. Mama yake alikuachia mtoto, na stendi ni sehemu ya malezi hayo.

Na wewe kijana, nina neno na wewe. Kuingia chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake si ushujaa wala si uzoefu. Utaambiwa, "Mbona sisi tulifanya miaka yote?" Wanaosema hivyo ni waliobaki. Ambao jeki iliwaangushia gari hawapo hapo gereji kukusimulia.

Ukimaliza kazi, kushusha nako kuna adabu yake. Kusanya spana, hesabu watu, mwite kila mtu kwa jina. Kisha fungua valvu ya jeki, ile ya kuachia mafuta, kwa kuizungusha kidogo sana, gari lishuke kama mtu anayeketi. Ukiifungua kwa fujo, litashuka kwa kishindo na jeki inaweza kuruka. Kaza nati kikamilifu magurudumu yakiwa chini, kwa kuruka kutoka moja kwenda ya upande wa pili, usizifuate kwa kuzunguka. Baada ya kutembea kidogo, simama uzikaze tena.

Neno la mwisho kuhusu jeki yenyewe. Iangalie kabla hujaihitaji. Ikivuja, usiitumie. Ikishuka yenyewe ikiwa na mzigo, usiitumie, mpelekee fundi abadilishe sili. Mafuta yake ni mafuta ya haidroliki. Usitie mafuta ya breki kwa sababu ndiyo yaliyo karibu, maana yanaiharibu mipira isiyotengenezwa kwa ajili yake. Ihifadhi bomba likiwa limeshuka, lisipate kutu wala vumbi, maana kutu hiyo ndiyo itakayokata sili siku nyingine.

Msikilizaji, muda wetu unakwisha. Tumesema nini? Kabla, tambarare, watu chini, kabari, nati. Wakati wa kunyanyua, uwezo wa jeki, ubao chini yake, mahali sahihi pa kuigusishia, na mwili wako nje. Baada ya hapo, stendi.

Katika lugha yetu tunasema kumpiga mtu jeki, yaani kumsaidia ainuke. Jirani anampiga jeki jirani, mjomba anampiga jeki mpwa wake aanze biashara. Na sote tunajua maana yake, unamwinua, kisha anasimama kwa miguu yake. Hakuna anayetarajia mpwa aishi juu ya mkono wa mjomba. Lugha ilishatufundisha, ila tukifika gereji tunasahau.

Basi nikupe kazi moja ndogo. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, fungua buti. Itoe jeki, isimamishe, ipige mpini mara chache uone kama inapanda na kama inavuja. Kisha angalia pembeni yake. Kuna ubao? Kuna kabari? Kama hakuna, pita kwa seremala, mwombe vipande viwili vya mbao. Maseremala wengi huvitupa.